Moto wa Karai la Mwisho

Nimezunguka sana toka nitoke kwetu Mamboya, na kazi nilizoshika sizikumbuki zote. Msimu huu nimetua Ruhembe kwa Letisia, nachochea tanuri lake la sukari guru. Juisi ya miwa ikianza kukaza kwenye karai, moto usiyumbe. Ukiyumba, sukari haigandi, inabaki uji.

Mwanawe Yared, anayesoma chuo Morogoro, alikuja na vibao vyembamba mfano wa vigae, akavifunga kwenye bomba la moshi. Alisema joto linalopotea bure litatoa umeme. Tulipowasha moto, taa ndogo aliyoiunganisha navyo ikawaka. Bomba liliposhika joto sawasawa, taa ikazima.

"Vimekufa?" nikamuuliza.

"Hapana, babu. Vinatoa umeme joto likipanda au likishuka. Likitulia, navyo vinatulia. Inatakiwa mashine ya kuvikinga joto na kuviachia tena, na bado sina."

Letisia akacheka. "Kumbe umeniletea wavivu wenzako!"

Kicheko kilimwisha gari la walimu wa Yared lilipofika. Walikuja kuamua kama kazi yake iendelee ama aanze nyingine upya. Na mle karaini ilikuwa inachemka juisi ya miwa ya mwisho ya Letisia. Shamba lilishakatwa lote.

Yared akaniinamia sikioni. "Babu, funga mlango wa tanuri, halafu fungua. Mara chache tu."

"Muombe mwenye karai."

Akamtazama mama yake. Letisia alikuwa anakoroga, jasho linamtiririka.

"Usinitazame hivyo mbele za watu," akasema. Kisha, bila kugeuka: "Mzee Cleopa, mfanyie."

Nikafunga, nikafungua. Moto ukanywea, ukalipuka. Taa ikawaka, ikazima, ikawaka. Walimu wakapiga makofi, wakampa Yared mkono, wakaondoka wakisema wataleta vibao vya kuzunguka bomba zima.

Letisia akamimina sukari kwenye kalibu za kugandishia. Tukangoja ipoe. Akabonyeza kwa kidole, kidole kikazama.

"Mama, wamekubali!"

"Nimesikia. Njoo uonje ulichokubaliwa."

Yared akaja, akaona.

"Nitaongea nao, mama, labda watakulipa..."

"Kavitoe vibao vyako."

Bomba lilikuwa bado la moto. Akaanza kuvifungua hivyo hivyo, anaunguza vidole, na mama yake hakumwambia angoje.