Sauti Inayochelewa

Chumba ninachorekodia kilikuwa chumba chetu cha kulala, mimi na dada yangu, tangu tukiwa wadogo mpaka alipoolewa. Godoro lake sasa limesimama ukutani kuzuia mwangwi, na blanketi mbili nzito zimefunika dirisha. Jua la mchana likipiga, mwanga hupenya kwenye nyuzi za blanketi na chumba kizima hugeuka rangi ya asali. Humo ndani sijui saa wala siku. Naingia baada ya chakula, nafumba macho, naimba, na nikitoka nakuta mama ameshaanua nguo na kuzikunja.

Kazi yangu ni sauti. Naimba matangazo ya sabuni na ya magodoro, naitikia kwenye nyimbo za wengine, na wao ndio wanaopigiwa makofi. Silalamiki. Na mama akinisikia nasema silalamiki, hucheka mpaka anashika ukuta.

Chombo changu kikuu kilikuwa kisanduku cheusi kinachoenea kiganjani, mafundi wanakiita saundi kadi. Kinapokea sauti kutoka kwenye maiki, kinaipeleka kwenye kompyuta, kisha kinanirudishia masikioni kupitia hedifoni. Changu kilikuwa kimezeeka. Kilikuwa na tundu moja tu la maiki, kilikwaruza, na zaidi ya yote kilichelewa. Nikiimba neno nalisikia kwanza kifuani mwangu, halafu, muda wa kupepesa jicho, nalisikia tena masikioni. Mwimbaji mwingine angekirusha dirishani. Mimi nilikipenda kwa sababu hiyohiyo, na sikuwahi kumwambia mtu.

Dada yangu ndivyo alivyokuwa akiimba. Mimi nikianza, yeye hufuata, nusu pumzi nyuma yangu, miaka nenda miaka rudi. Tuliimba kwenye maiki ile moja, shavu kwa shavu. Mpaka siku moja, miaka miwili iliyopita, mwenye tangazo akaja kutusikiliza. Sauti zetu zikawa haziendi pamoja. Tukarudia mara ya pili, ya tatu, na mara ya nne nikapandwa na hasira.

"Dada, toka," nilisema mbele ya mgeni. "Nitaimba sehemu zote mbili mwenyewe. Kila siku unachelewa, nimechoka kukuburuta."

Alivua hedifoni, akaziweka juu ya kiti taratibu kama mtu anayelaza mtoto, akachukua mkoba wake. Tangu siku hiyo tukawa tunazungumza habari za dawa za mama tu, na hata hizo kwa ujumbe wa simu.

Kwa hiyo nilipofumba macho ndani ya ule mwanga, sauti iliyochelewa ilikuwa yeye. Nilijua ni sauti yangu mwenyewe, sina wazimu. Lakini nilimwona kabisa amesimama kushoto kwangu na mikono nyuma, na mara nyingine nilisikia harufu ya mafuta yake ya nywele. Nilikuwa nasogea kulia ili kumwachia nafasi kwenye maiki. Tuliimba hivyo mchana kutwa, mimi naye asiyekuwepo, na nilikuwa na furaha ya kijinga ambayo sijui niilinganishe na nini.

Kisha mikwaruzo ikazidi. Wateja wakaanza kurudisha kazi, wakiuliza kama naimba huku nakaanga kitu. Nikaenda kwa Fundi Waya shingo upande.

Fundi Waya anauza vyombo vya muziki kwenye chumba cha juu, mkabala na duka la viatu, na jina lake linatokana na nyaya anazozivaa shingoni siku nzima kama tai. Alinipangia saundi kadi tatu mezani. Ya kwanza ilikuwa ya tundu moja, ya pili ya matundu mawili, ya tatu ya matundu manane, ya kwaya nzima.

"Unataka yenye sifa gani, bibie?"

"Inayochelewa."

Alinitazama, akasubiri nicheke. Alipoona sicheki akavuta kiti.

"Huu mwaka wa kumi na moja nauza hivi vitu," alisema. "Watu wanakuja hapa wanataka kulia, eti vinachelewa. Wewe ndiye wa kwanza kutaka kichelewe."

"Sasa umempata wa kwanza."

Alinivalisha hedifoni bila ubishi, akaunganisha ile ya matundu mawili, akaniambia niimbe chochote. Nikaimba. Sauti yangu ilitoka mdomoni na papo hapo ikawa masikioni, safi, nzima, bila mkwaruzo. Haikufuatwa na kitu. Nikajikuta nimesogea kulia kama kawaida, na kushoto kwangu hapakuwa na mtu. Kulikuwa na rafu ya magitaa tu. Machozi yakanitoka palepale, mtu mzima mimi, na Fundi Waya akajifanya anatafuta waya chini ya meza.

"Mbaya?" aliuliza kutoka huko chini.

"Nzuri mno."

"Basi chukua hii ya tundu moja. Bei nafuu, na inachelewa kidogo. Si ndiyo unayotaka?"

Nikaishika. Ilikuwa nyepesi. Niliiona miaka yangu mbele, mimi na blanketi na mwangwi wangu mwenyewe nikiuita dada, huku dada mwenyewe yuko hai mtaa wa nne tu kutoka kwetu. Niliogopa. Nikaiweka chini, nikagusa ile nyingine.

"Hili tundu la pili la nini?"

"La mtu mwingine," alisema Fundi Waya. "Kama unaye."

Nikainunua. Siku tatu sikuweza kuimba. Niliingia chumbani, nikafumba macho, nikatoka. Siku ya nne nikampigia dada simu.

"Mama ana nini?" dada aliuliza kabla hata ya salamu.

"Hajambo. Nimenunua saundi kadi mpya. Ina matundu mawili."

"Hongera."

"Moja halina kazi."

Nikasikia maji yakimwagika kwenye sinki la kwake, kisha yakafungwa.

"Jumamosi nakuja kumwona mama," alisema. "Kumwona mama tu, umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Jumamosi alikaa na mama hadi saa nane, ndipo akasukuma mlango wa chumba. Alilitazama godoro lake ukutani, akalipapasa. Nilimpa maiki ya pili, niliyoazima kwa Fundi Waya, na mimi nikabaki na yangu. Programu mpya ya kurekodia, iliyokuja na saundi kadi, ilikuwa na mlio wa kuhesabia mapigo, tik, tik, tik. Sijawahi kuutumia maishani, mapigo nilikuwa nayo kichwani. Nilitaka kuuzima nikashindwa, na kwa aibu ya kuonekana sijui kazi yangu, nikauacha.

Tukaimba wimbo tuliouimba tangu utotoni. Nikaanza, akafuata, nusu pumzi nyuma, vilevile. Hasira ya zamani ikanipanda kooni, nikaimeza. Nilishamkumbuka kupita kiasi, sikutaka kuharibu.

Wimbo ulipoisha nikatazama kompyuta. Kwa mara ya kwanza kila sauti ilikuwa na mstari wake, na mapigo yalisimama kama nguzo za uzio. Mstari wa dada ulianza kwenye nguzo. Neno kwa neno, kwenye nguzo. Wangu ulianza kabla. Neno la kwanza kabla, la pili kabla, mpaka mwisho. Nikaikuza picha. Nikazima kila kitu, nikawasha upya, nikamwomba turudie. Ikawa vilevile.

"Dada," nilisema.

"Nini?"

"Hujawahi kuchelewa."

Aliinama akaitazama kompyuta kwa muda mrefu.

"Najua," alisema.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia saa ngapi, mdogo wangu? Ulikuwa umeshafika mwisho wa wimbo."

Nilicheka, kisha sikucheka tena. Nilimwambia anisamehe. Nilimwambia nilimfukuza mbele ya mtu kwa kosa langu, na kwamba miaka miwili nimekuwa nikiimba na sauti yangu mwenyewe nikijidanganya ni yeye. Nililia kwa sauti, mama akaja mlangoni, akatuona, akarudi zake. Dada alinifuta uso kwa kiganja, kwa nguvu, kama alivyokuwa akinifuta nilipokuwa mdogo.

"Vaa hedifoni," alisema.

"Anza wewe."

Alisimama kushoto kwangu, mikono nyuma. Akavuta pumzi. Ilikuwa pumzi ndefu, yenye mtetemo kidogo mwishoni, na sikuwahi kuisikia, kwa sababu miaka yote hiyo alipoivuta mimi nilikuwa nimeshaanza kuimba.