Leso Kumi na Mbili za Mezani

Kabla hajakitazama kitambaa chenyewe, Puseletso aliuona ulimi wa mama mkwe. Pale dukani Mafeteng, Mama alishika ncha ya kitambaa cha seshoeshoe cha buluu, akailamba, akafumba macho kama anayeonja mchuzi.

"Chumvi ipo," akamwambia mwenye duka. "Hii ndiyo yenyewe, Ntate Rasethuntsa, ya bandia haiwi na ladha hii. Kata."

Mzee akakata, akaongeza kijiti cha uzi bure. "Zawadi ya bibi harusi," alisema.

Nyumbani, Mama alimgeukia Puseletso, akagawa kazi. "'MaTieho, mimi nashona kitambaa cha meza, wewe leso za kujifutia mikono, kumi na mbili. Jumamosi wanakuja watu wa mchumba wa wifi yako Khopotso. Ukimaliza zifue ziwe laini. Shangazi yako alisema cherehani unaijua."

Kweli Shangazi alisema hivyo siku ya posa, mbele ya wazee wote. Puseletso aliinamisha kichwa ndani ya blanketi, na wote wakaona ameitikia. Alikuwa hajawahi kugusa cherehani. Sasa ana miezi mitatu hapa, na kwa desturi ya huku anaitwa 'MaTieho, mama wa Tieho, mtoto ambaye hata mimba yake bado, na kila akiitwa anashtuka kama aliyekutwa na kitu cha mtu.

Alijifungia chumba cha nyuma siku mbili. Alipima kwa kuzungusha chaki pembeni mwa sinia la mraba. Cherehani ilipokimbia, aliinua mguu upesi kama aliyekanyaga paka. Alifumua, akashona, akafumua tena, huku akisikiliza nyayo za Mama uani. Alhamisi leso kumi na mbili zililala mezani, si nzuri, lakini za mraba. Akazifua, akazianika.

Ijumaa asubuhi alizikuta kwenye kamba zimesinyaa. Pindo zilikuwa zimejivuta, pembe zimejikunja kama masikio ya mbuzi. Alijiona anarudi kwa Shangazi na blanketi lake kichwani, mchana kweupe, kijiji kizima kikimwangalia.

Khopotso ndiye aliyefika kwanza. "Yuu! Wifi, hizi ni leso au soksi za mtoto? Tieho keshazaliwa nini?" Akacheka mpaka alipouona uso wa Puseletso. "Mama! Njoo huku."

Mama akaichukua moja, akaivuta huku na huku. "Kitambaa ulikifua kwanza kabla ya kukata, sivyo?"

Puseletso akafungua mdomo. Kumbe hufuliwa kwanza? Kichwa kikainama chenyewe, kama kilivyoinama siku ile.

"Kama kilifuliwa na bado kimesinyaa, basi nimeuziwa takataka!" Mama alisema. "Mimi! Miaka thelathini nalamba hiki kitambaa!" Akaugusa ulimi wake kwa kidole, polepole, kama anayehakikisha kwamba bado upo. "Au nimezeeka, sionji tena?"

"Labda ni ugoro wako umeua ulimi, Mama," Khopotso alisema.

"Nyamaza wewe. Niletee blanketi langu. Yule mzee ataniambia leo, mbele ya wateja wake, alichoniuzia ni nini. Mwizi mkubwa!"

Akajifunga blanketi, akachukua leso mbili kuwa ushahidi, akaenda. Puseletso alibaki chini ya kamba. Angenyamaza tu, lawama ingekwenda dukani, kwa mzee aliyempa uzi, na yeye angelala hapa salama. Kijiti chenyewe kilikuwa bado mfukoni mwake. Akakishika. Kisha akajikuta anakimbia, pumzi zikimkata, mpaka akampita Mama na kusimama mbele ya lango.

"Nini tena, 'MaTieho? Nipishe."

Aliinua kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu aingie nyumba ile akamtazama mama mkwe usoni.

"Mama, ulimi wako hauna kosa, wala Ntate Rasethuntsa. Sikukifua. Mimi sijui kushona, Mama. Hata siku ile Shangazi aliposema najua, nilikuwa sijui."