Picha ya Nyonga ya Mama

Mwaka wa tatu baada ya uhuru, nyonga ya kulia ilimsumbua mama yangu, Khalayi, hata alipogeuka kitandani. Shamba lake lilikuwa limeanza kumea magugu. Hospitalini Kakamega daktari alikuwa na sindano mpya ya kutuliza viungo, lakini hakumdunga kila mtu. Kwanza alitaka picha ya eksirei. Kama mifupa ya nyonga bado imeachana kidogo, sindano ingesaidia. Kama imesagana, alisema, ni kumdunga mtu bure.

Mpiga picha alikuwa Cleophas, mume wangu. Siku ile walipigwa picha wanawake wawili: mama, na mjane wa Navakholo aitwaye Ayuma, aliyeletwa amebebwa kitini. Daktari akaziinua picha dirishani. Ayuma akadungwa. Mama akaambiwa yake imesagana, arudi nyumbani na vidonge.

"Mimi nimekuja kwa miguu," mama aliniambia njiani. "Yule amebebwa kama gunia. Kati yetu nani amesagika?"

"Daktari ameona, mama."

"Ameona alichopewa. Muulize mume wako alimpa nini."

Neno lile lilinikaa moyoni. Kwetu mwanamume hamtazami mama mkwe wake, hilo nalijua. Lakini jioni ile Cleophas hakunitazama hata mimi. Alikula, akalala mapema. Nilimwomba Mungu aniondolee shuku, kisha nikainuka nikaendelea kumshuku.

Baadaye tukasikia kwamba Ayuma bado analia kwa maumivu. Nilimweleza Cleophas huku nikichambua mboga.

"Sindano nyingine hukataa," akasema.

"Au ilimwingia asiyefaa."

Akaweka kikombe chini. "Mildred, ulitaka nimshike mama yako nyonga? Nesi Jepkemboi ndiye aliyemlaza. Mimi niligeukia ukuta, nikabonyeza kitufe."

"Na picha?"

"Jina huandikwa picha ikikauka. Zilitundikwa pamoja. Nilipozitoa sikujua tena ipi ni ya nani, na kuzitazama sikuweza. Nikaandika macho yakiwa kando."

"Ukanyamaza?"

"Nimwambie nini daktari mgeni? Kwamba mifupa ya mama mkwe wangu ni uchi wake?"

Sikulala vizuri. Asubuhi nilimsindikiza mpaka mlango wa daktari, nikasimama pale hadi nikamsikia akisema yote.

Daktari akataka picha nyingine. Mama alikuwa chumbani mwa eksirei, Cleophas nje ya mlango, mimi katikati.

"Mwambie mkwe wangu," mama akasema kwa sauti ya kufika mlangoni, "leo jina naandika mwenyewe."

"Mwambie mama hajui kuandika," Cleophas akasema.

"Mwambie nitachora msalaba. Huo hata yeye hataukosea."

Jepkemboi alipiga picha, na mama alikaa karibu nayo mpaka ikakauka, akachora msalaba wake. Daktari aliitazama akatikisa kichwa kukubali: nafasi kati ya mifupa ipo, ndogo. Akamdunga.

Jumapili iliyofuata mama alikuja kwetu peke yake, bila fimbo. Cleophas akakimbilia chumba cha nyuma.

"Ayuma ameelezwa habari ya picha?" mama akaniuliza.

Nikageukia mlango wa chumba cha nyuma. Haukufunguka.

"Nilijua. Basi mwambie mkwe wangu avae viatu. Ayuma si mama mkwe wake. Atamtazama usoni na kumwambia. Atatangulia yeye. Mimi nitafuata nyuma kwa miguu hadi Navakholo, nione kama kweli amefika."