Poda ya Kufaulu

Mimi sikufeli hesabu. Naliweka hili mbele kabisa kwa sababu mpaka leo wapo watu Jeppestown wanaodhani nilifeli, na habari hizo walizipata kwa baba yangu mzazi. Nilipata thelathini na nane. Hapa Afrika Kusini ukipata thelathini kwenye hesabu za matriki, mtihani wa kumaliza sekondari, umepita, unakwenda nyumbani, unakula. Shule ilisema nimefaulu. Serikali ilisema nimefaulu. Papa akasema nimeanguka.

Papa, ndivyo kwetu tunavyomwita baba, jina lake Évariste, lakini Wakongo wote wa upande ule wa mji walimwita Maître, kwa kuwa kabla hatujakimbia Bukavu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Joburg alikuwa fundi cherehani, mwenye kachumba ka kushonea chini ya ghorofa moja chakavu la Jeppestown. Ualimu wenyewe haukumtoka. Mtu akileta suruali ipunguzwe, kwanza anaulizwa watoto wanasomaje, suruali baadaye. Na kwetu Bukavu alama ya kufaulu ni hamsini. Chini ya hapo wanaita échec, yaani umeanguka, na hakuna cha kubembelezana.

"Thelathini na nane," alisema siku matokeo yalipotoka, mwezi wa kwanza, miwani imemshuka puani. "Na zile sitini na mbili umezipeleka wapi?"

"Papa, hapa wanataka thelathini tu!"

"Thelathini kwa mia! Nikikushonea sketi thelathini kwa mia, utaivaa uende nayo kanisani?"

Nilipiga kelele, nikabamiza mlango, nikalia mpaka majirani wakagonga ukuta. Wapi! Jumatatu nilikuwa nimeketi Troyeville, kwenye ukumbi wa kanisa, katika madarasa ya majira ya joto ya watoto walioanguka. Mtihani wa kurudia ulikuwa mwishoni mwa mwezi wa pili, na ulikuwa wazi hata kwa sisi tuliotaka kupandisha alama. Eti tuliotaka. Mimi nilitaka nini? Nilitaka kulala.

Siku hizi ukumbi ule ni ghala la magodoro, wameupaka rangi ya kijivu. Kila nikipita pale kwa teksi nageuza shingo. Naukumbuka mpaka harufu yake, dawa ya kung'arishia sakafu na chai iliyochemka mno. Mchana joto la kukausha ulimi, saa tisa mawingu meusi, saa kumi mvua ya mawe inapiga bati mpaka mwalimu ananyamaza na sisi tunashangilia kama tumepewa sikukuu. Nikiambiwa leo nirudi kule, na hesabu zake zote, narudi mbio.

Mwalimu wetu aliitwa Mansour, kijana wa Tanga aliyekuwa anasomea uhandisi. Mwislamu, anafundisha ndani ya kanisa, na hakuona ajabu yoyote. Ijumaa alikuwa anaangalia saa, anatuachia zoezi refu, anasema, "Mimi nakwenda kumwomba Mungu, nanyi humu mwombeni awafungue vichwa, maana mimi nimeshashindwa." Kiswahili chake kilikuwa laini, mpaka matusi yake yalikuwa kama salamu. Mimi aliniita Bi Hasira.

"Bi Hasira, hii x imekukosea nini mwenzio? Mbona waikata kwa nguvu hivyo?"

Darasa zima linacheka. Nami nacheka, huku nimenuna.

Niliyeketi naye dawati moja ni Falonne. Huyo alikuwa ameanguka kwelikweli, ishirini na nne, kwa Bukavu na kwa Joburg. Aliishi Hillbrow na shangazi yake, Tantine Agnès, mwenye saluni ya kusuka nywele. Kusuka Falonne hakuweza hata kidogo. Alikuwa akikusuka unatoka kama umetoka vitani. Lakini mashine ya kukaushia nywele ikiharibika, yeye ndiye anaifungua, anaipuliza vumbi, anafunga waya, inalia. Feni ya ukumbi aliitengeneza wiki ya kwanza. Wakati ule umeme ulikuwa unakatwa kwa zamu mji mzima, na Falonne alikuwa anakaa gizani anapanga jinsi atakavyouwasha. Chuo cha ufundi umeme kilikuwa tayari kumpokea. Kilitaka tu matriki yake iwe kamili, na matriki ilikuwa imekwama kwenye hesabu.

Tantine Agnès alikuwa ameshasema neno lake, tena mbele za watu, kanisani. Falonne akianguka mara ya pili, basi, shule imekwisha. Atasimama saluni asubuhi mpaka jioni na ataoza hapo hapo na mkono wake mbaya. Na Tantine hakuwa mtu wa kusoma karatasi za Kiingereza. "Matokeo yakitoka," alisema, "nitayapeleka kwa Maître. Maître akisema amepita, amepita. Akisema ameanguka, mimi sina tena neno."

Falonne alinieleza hayo tukiwa tumesimama chini ya kibaraza cha ukumbi, mvua inanyesha, tunakula magwinya, maandazi ya huku, ya moto, yenye mafuta mpaka kwenye kiwiko.

"Orpha," akasema, "mimi hamsini siwezi kupata. Hata nikikesha. Mwalimu Mansour ananiambia nikikaza nitafika thelathini na kitu. Sasa baba yako atasemaje?"

Nilijua baba yangu atasemaje.

Jioni ile nilimvaa Papa kwenye cherehani. Nilimbembeleza, mimi nisiyejua kubembeleza. Nikamwambia Falonne akifika thelathini, aseme tu kuwa amefaulu, neno moja, halimgharimu kitu. Papa hakuinua hata macho kwenye mshono.

"Miaka kumi na minane nimesimama mbele ya wazazi siku ya kutangaza matokeo," alisema. "Nimetaja majina ya watoto wa ndugu zangu kwamba wameanguka, mama zao wananiangalia. Mtu hawezi kuniambia nidanganye juu ya alama."

Siku ile ya kutangaza matokeo alipenda sana kutusimulia. Wazazi uwanjani wamevaa vitenge vyao vya sherehe, mwalimu anasoma jina na alama, na mtoto aliyefaulu mama yake anamrukia na kopo la poda, anammwagia kichwani mpaka anakuwa mweupe, na hivyo hivyo anatembezwa barabarani watu wote wajue. Mimi niliondoka Bukavu ningali mtoto wa kubebwa mgongoni. Poda sikuwahi kumwagiwa. Na nitasema wazi, nilikuwa naitamani. Nilitaka baba yangu aniambie "umefaulu", aniambie mbele za watu, halafu animwagie. Basi.

Tulifanya mtihani. Falonne aliugua tumbo asubuhi ile, akatapika nje ya geti, akafuta mdomo, akaingia. Mansour alikuja kutusindikiza na fulana yake ya Tanga, akatupa kila mmoja peremende, akasema, "Haya, nendeni mkaniaibishe." Kisha nikamwona ameinamisha uso, midomo inacheza, anatuombea.

Matokeo yalitoka baada ya Pasaka. Mimi nilipata hamsini na saba. Hamsini na saba, jamani! Nilikimbia kutoka kwenye robot, yaani taa za magari za barabara kuu, mpaka kwa Papa, viatu mkononi. Akaisoma karatasi, akaisoma tena, akavua miwani.

"Sasa tumeanza kuongea," akasema. Akarudi kwenye cherehani.

Sijamaliza hata kufungua mdomo, mlango ukafunguka. Tantine Agnès ameingia mbele, midomo ameibinua, nyuma yake Falonne na uso wa mtu anayepelekwa mahakamani. Tantine akaiweka karatasi juu ya kitambaa Papa alichokuwa anakata.

"Maître, mtoto anasema amepita. Mimi naona hapa tatu na tatu. Thelathini na tatu. Niambie wewe."

Papa aliichukua. Falonne alinishika mkono, kucha zake ziliniingia nyamani na sikuzitoa. Nilimwona Papa anavyomtazama yule msichana, viatu vyake vilivyolowa, bisibisi ndogo imetokeza mfukoni mwa sketi.

"Agnès," akasema, "hapa tulipo ni wapi?"

"Si Joburg, Maître?"

"Saluni yako unalipwa faranga za Kongo?"

"Faranga! Nitakula nini? Nalipwa randi."

"Basi na alama tutazihesabu za hapa." Akasimama. Alijinyoosha kama yuko uwanjani Bukavu, futi ya kupimia inaning'inia shingoni, na sauti aliyoitoa sikuwa nimeisikia maisha yangu yote. "Falonne! Thelathini na tatu! Amefaulu!"

Poda hatukuwa nayo. Papa alichukua chaki zake za kuchorea nguo, akazisaga kwa mkasi juu ya meza, moja, nyingine, boksi zima, akakusanya vumbi kwa viganja viwili akammwagia kichwani. Falonne alipiga yowe. Tantine Agnès alishika kiuno, akaangalia karatasi, akamwangalia Maître, na midomo ile ikaanza kutetemeka. "Aksanti, Maître," akasema, "aksanti sana," akapiga vigelegele vilivyowatoa watu kwenye karakana za jirani. Walitoka hivyo hivyo mpaka barabarani, mtoto mweupe kichwa kizima, teksi zinampigia honi.

Mimi nilibaki nimesimama. Nilifurahi, Mungu ni shahidi yangu nilifurahi. Halafu hasira ikanipanda kutoka kwenye nyayo.

"Mimi je?" nikamwuliza. "Thelathini na tatu umeimwagia boksi zima la chaki! Mimi nimeleta hamsini na saba, hata Bukavu hiyo ni kufaulu! Mimi ni mtoto wa nani?"

Papa alikuwa anajipangusa mikono kwenye suruali. Hakupandisha sauti.

"Yule neno langu lilikuwa linamfungulia mlango," alisema. "Wewe mlango wako uko wazi. Wewe ni wangu, Orpha. Wangu simmwagii poda kwa hamsini na saba."

Nikambamizia mlango. Ulikuwa mlango mbovu, ukatoka bawaba moja. Falonne ndiye aliyekuja kuifunga.

Leo Falonne ni fundi umeme, ana bakkie yake, pikapu yenye jina lake ubavuni, na Tantine anamtangaza kwa kila kichwa anachosuka. Mansour alirudi kwao Tanga, sikukuu ananitumia salamu, "Bi Hasira, zile x zapona?" Mimi nilikwenda chuo kikuu, nikamaliza, nafanya kazi ya mahesabu ya kampuni, kweli, mahesabu. Siku ya mahafali Papa alinipa mkono, akaniuliza wa kwanza alikuwa nani.

Sasa anaishi kwangu, Bezuidenhout Valley. Kichwa kinamwacha. Asubuhi anakaa dirishani na futi yake shingoni, ananiita madame, ananiambia suruali yangu itakuwa tayari Ijumaa. Miezi mingi hajalitaja jina langu. Nimejaribu picha, nimejaribu nyimbo za kanisani, Falonne amekuja akamshika mikono, akamkumbusha chaki. Wapi.

Jumapili iliyopita nilimletea chai, nikapiga magoti mbele ya kiti chake. Nikamwambia, "Papa, nilimaliza chuo kikuu. Nilifaulu."

Akatabasamu, tabasamu analowapa wateja. "Hongera, madame," akasema. "Umefaulu. Wazazi wako wana bahati."

Hilo ndilo neno nililolisubiri miaka yote, na nilitamani limrudie mdomoni. Nilitaka kunyanyuka nikalilie jikoni. Halafu sijui nini kilinituma, labda ni ile hasira yangu ya siku zote. Nikamwambia, "Papa. Matokeo ya hesabu yametoka. Nimepata thelathini na nane."

Tabasamu likaisha. Akainua kichwa polepole, akaitafuta miwani ambayo hakuwa ameivaa, akanikazia macho.

"Na zile sitini na mbili," akasema, "umezipeleka wapi, Orpha?"