Plagi Iliyokatwa

Fundi cherehani alikuwa hodari wa sindano, lakini kwa vitu vya umeme alikuwa na kichwa kigumu ajabu. Birika la umeme lilipoanza kujizima kabla maji hayajachemka, kwa sababu ya ukoko mweupe wa chumvi ya maji ulioganda chini, hakulisafisha. Alikata lastiki ya sketi, akaifunga nayo swichi isiruke, akarudi zake kushona.

Marehemu mumewe, fundi umeme, angemfokea. Yeye kila wiki alichemsha maji ya ndimu kuuyeyusha ukoko, na kila baada ya chai alichomoa plagi na kuzungusha waya mara tatu kwenye mpini. Kifaa kisichotengenezeka alikikata plagi palepale, asije mtu akaungua. Alifia kazini ghafla, hata kuaga hakuaga.

Mchana mmoja fundi cherehani alinogewa na kazi, akalisahau birika. Alipokurupuka kwenda jikoni, alikuta plagi imechomolewa, waya umezungushwa mpinini mara tatu. Mwili ukamsisimka.

"Wifi, umechomoa wewe?" alimuuliza dada wa mumewe, aliyeishi naye.

"Mimi? Si nilikuwa nje naanika nguo! Na hiyo lastiki itatuchoma, wifi yangu. Itoe!"

Hakuitoa. Jambo likajirudia kesho yake, na keshokutwa, na hofu yake ikageuka kitu alichoona haya kukitaja: furaha. Sasa aliwasha birika makusudi, na maji kiduchu, akaupa mlango wa jikoni mgongo na kutega sikio.

Siku ya nne wifi alikuwa sokoni. Maji yalichemka, yakakauka. Harufu ya plastiki ikaingia chumbani, kisha moshi.

"Njoo basi," alinong'ona, wala hakuinuka.

Ikasikika ta! Mara moja tu.

Akakimbilia jikoni. Safari hii waya haukuzungushwa. Ulikuwa umekatwa, mkato safi, na plagi imelazwa mezani. Alilivuta sanduku la vifaa vya mumewe kutoka uvunguni. Kufuli lilikuwa mahali pake, na ufunguo alikuwa nao shingoni. Alipolifungua na kulishika koleo la kukatia waya, mpini wake ulikuwa na joto, kama umeachwa na mkono sasa hivi.

Akaketi sakafuni, plagi kifuani, akalia kilio alichokikosa msibani.

"Haya, mume wangu," alisema. "Leo umeniaga."