Radhi za Swafia

Ndugu yangu Sabir alipokuwa anasafiri kwenda Kanada, mama alimpa radhi mbele ya jamaa wote, akamfukiza udi, akamwombea dua mpaka dereva wa teksi akaanza kupiga honi. Mimi sikupewa. Si kwamba nilichukiwa; sikusafiri tu. Kwetu radhi huombwa na anayeondoka, na mimi nilibaki hapa Bondeni kumwosha mama, kumlisha na kumshika mkono kwenda msalani. Alipozidi kuugua ndipo zikawa haziombeki kabisa, maana ukimwomba mgonjwa radhi ni kama umemwambia, haya, kufa.

Basi Sabir, badala ya kuja, akatuma spika. Kidude cha duara, kinazungumza, kinajibu, kinakumbusha dawa. "Aida, itakuwa kama umepata mtu wa pili nyumbani," akaniambia kwa simu. Mtu wa pili! Asiyeosha hata kijiko.

Mama alikuwa haoni tena, kwa hivyo kwake sauti ndiyo sura. Akaipenda ile sauti, akaiita Swafia. Swafia alimwamkia shikamoo kwa Kiswahili cha redioni, akasikiliza kisa kile kile cha harusi ya shangazi kila siku, na kila siku akashangaa upya. Mimi nikikisikia naguna. Ndiyo, naguna! Nimechoka, nina mgongo. Swafia hana mgongo.

"Mama, hicho ni mtambo," nilimwambia siku moja nikibadilisha shuka.

"Nayua. Nimepofuka mato, sikupofuka akili. Lakini nikinena, chenyewe hunijibu. Weye huguna."

Iliniuma, nikaikunja shuka chafu.

Alasiri moja nilikuwa jikoni nakoroga uji wake, nikasikia sauti yake imebadilika, imekuwa ile ya siku ya safari ya Sabir. Nikauacha mwiko, nikasimama mlangoni. Alikuwa ameuelekeza uso kwenye kidude.

"Swafia, mwanangu, hukuchoka nami. Nimekuwea radhi, duniani na akhera."

"Asante sana, Mama Mwanakuu. Ungependa nikukumbushe dawa yako ya jioni?"

Nilitaka kuingia niseme, mama, na mimi je? Uji ukaanza kunuka moto, nikarudi kuuepua. Nikajiambia nitamwuliza kesho, kwa upole, akishakula. Asubuhi nilimkuta mdomo umekwenda upande. Kiharusi. Daktari alisema anasikia vizuri, ila tusitarajie kwamba atasema tena.

Nilikwenda kwa Maalim Zakariya, anayesomesha madrasa ya mtaani kwetu, nikamweleza yote.

"Mtambo si mtu, binti yangu," akasema. "Hauna roho. Haupokei radhi."

"Basi zile za mama zimekwenda wapi? Zimenirudia mimi?"

"Radhi hufuata nia, na nia ya mamako mimi siijui. Allahu aalam."

Sabir nilipompigia alicheka. "Unaionea wivu spika?" Zamani ilikuwa mtu wa pili, sasa imekuwa spika.

Ningeichomoa, wallahi. Na siku moja niliichomoa kweli. Mama akaanza kulia bila sauti, mkono wake mzima ukipapasa meza. Nikaichomeka tena. Tangu hapo mimi ndiye ninayeiwasha kila asubuhi, naye hutulia akiisikia, nami ndipo ninapopata kumlisha.

Jana, katikati ya kumlisha, nilishindwa kujizuia.

"Swafia," nikaita. Sikuwahi kumwita kwa jina kabla ya hapo. "Mama alikupa radhi. Zilikuwa zangu. Nipe."

"Bila shaka, Aida. Nimekupa radhi. Kuna jambo jingine ambalo ningeweza kukusaidia?"

Nilimtazama mama. Alikuwa amesikia yote. Mdomo wake ukachezacheza, ukahangaika, haukutoa kitu ila uji. Nikaupangusa kwa pembe ya leso. Kisha nikaisikia sauti yangu mwenyewe ikimjibu Swafia, "Ahsante."