Isizae

Neno la mwisho la mama mkwe lilikuwa la kumlaani Dorkas. Hivyo ndivyo Dorkas alivyolisikia, na masikio yake hayakuwa na hitilafu.

Ilikuwa Februari, nyumbani kwa wakwe, Butiama. Bibi Matrida alikuwa na siku ya nne hajala kitu. Dorkas alisimama karibu na kitanda, mgongo wake ukielekea dirishani, ana mimba ya wiki sita ambayo hakuwa amemwambia mtu. Mbili za kabla yake zilikuwa zimetoka. Hii aliificha hata kwa mumewe. Mgonjwa akafumbua macho, akainua kidole, kikanyooka moja kwa moja hadi tumboni kwake.

"Dorkasi," akasema. "Isizae. Nakuambia, isizae."

Hakusema tena. Saa tisa alasiri alikata roho.

Dorkas ana diploma ya ugavi na ni mtunza stoo Musoma mjini. Si mtu wa kushtuka hovyo. Lakini "isizae" ingekuwa nini tena? Kiswahili cha bibi yule kilikuwa cha Mara hasa, kila kitu kwake kilikuwa "i": mtoto inalia, mzee imefika, mke wa Boni imenuna. Kwa hiyo iliyokatazwa kuzaa ingeweza kuwa nyumba, au tumbo, au Dorkas mwenyewe. Kwake yote yalikuwa mamoja.

Walipogawa vitu vya marehemu, yeye alipewa kopo la bati lililokuwa dirishani. Ndani mlikuwa na mbegu nyeusi za mviringo.

"Hizi ni nini?" alimuuliza Boniphace, mumewe.

"Njegere za mama. Zile za maua. Alikuwaga anapeleka maua kanisani."

"Njegere ni njegere," akasema Dorkas, akaliweka kopo kwenye mkoba.

Alizipanda Aprili, nyuma ya nyumba yao Kigera, chini ya dirisha la chumba cha kulala. Akasimamisha fito, akafunga kamba. Boniphace alikuwa fundi umeme Bunda na alirudi Jumamosi tu, kwa hiyo bustani ilikuwa ya Dorkas peke yake. Jirani yake Rhobi alimcheka juu ya ukuta.

"Hayo maua ni ya watu wa baridi, shoga. Jua la hapa linakaanga hata kokoto."

Zikaota. Zikaota zote, bila hata moja kukosa, kwa kasi ambayo Dorkas hakuipenda. Tena hazikuzitaka kamba. Vile vikonyo vyembamba vinavyoshika viliruka kamba na kwenda kushika nondo za dirisha. Dorkas alivibandua jioni, asubuhi akavikuta vimeshika tena, vimejizungusha kama vidole vya mtoto mchanga.

Juni zikachanua, zambarau, nyeupe na waridi, na harufu yake ikajaa chumbani. Ilikuwa harufu tamu. Lakini chini yake palikuwa na nyingine, ya sabuni ya mche na moshi wa kuni. Ndivyo kitenge cha bibi Matrida kilivyokuwa kikinukia.

Maua ya kwanza yalifunguka Jumatatu. Jumanne alfajiri hapakuwa na ua hata moja. Mbuzi angetafuna na majani, lakini majani yalikuwa mazima. Vikonyo vya maua vilikuwa vimekatwa kwa ukucha, sawasawa, na maua yote yalikuwa kwenye glasi ya maji juu ya kizingiti cha dirisha. Geti lilikuwa limefungwa kwa kufuli. Kwenye udongo mbichi palikuwa na alama ya kandambili ya mguu wa kulia, na kando yake mstari mrefu, kama mtu aliyeburuta fimbo.

Bibi Matrida aliburuta mguu wa kushoto siku zote tangu Dorkas amjue.

Dorkas alichukua ufagio akafuta. Kesho yake ikawa vilevile, na keshokutwa.

"Umeanza kupamba dirisha?" Rhobi akauliza siku ya nne, akiingia na bakuli la dagaa.

"Si mimi."

"Basi una mgeni mwenye adabu." Kisha Rhobi, aliyewahi kumwona bibi akitembea, akaona ule mstari kwenye udongo, akaacha kucheka. "Dorkasi. Hama."

"Nihamie wapi? Kwako? Una chumba kimoja, na kuku wanalala humo humo."

Alijibu kwa ukali kwa sababu aliogopa. Mimba ilikuwa ya miezi mitano, na hakuna nyingine iliyowahi kufika hapo. Kila ua lililokatwa ni ua lisilozaa. Yule mama alikuwa anatimiza neno lake asubuhi kwa asubuhi, na akimaliza bustani angeingia ndani. Dorkas akaamua: njegere hizi zitazaa. Zikizaa, laana imekatika, na mtoto atakaa.

Kuanzia siku ile kila kulipopambazuka alikuwa amekwisha kukaa bustanini juu ya kiti cha plastiki, na kikombe cha chai. Asubuhi mbili hakuna kilichokuja. Ya tatu, kukiwa kweupe kabisa, akasikia kandambili ikigonga kisigino nyuma yake. Paa. Kisha kitu kikaburuzwa juu ya kokoto, polepole. Paa, na kuburuzwa. Vikasimama nyuma ya kiti. Harufu ya sabuni ya mche ikamfikia shingoni. Hapakuwa na upepo hata kidogo, lakini vikonyo vyote vilikuwa vinatikisika.

Dorkas hakugeuka. Alishika tumbo kwa mikono miwili.

"Mama," akasema, "hapa pana mtu. Leo hukati kitu."

Kisha nyayo zikaondoka, taratibu, kama za mtu aliyebishana mpaka akachoka.

Hakuja tena. Maua yakanyauka yenyewe, na mwezi wa saba maganda yakaning'inia kila mahali, mafupi, yana vinyweleo. Dorkas aliona ajabu kidogo, njegere zenye manyoya. Akasema labda ndiyo aina yake. Mtoto alikuwa anacheza tumboni, na Dorkas alijisikia mshindi.

Jumamosi alichuma beseni zima, akamenya, akakaanga kitunguu na nyanya, akaweka njegere na viazi ili Boniphace akifika mchana akute chakula. Jiko la mkaa likazimika. Akawasha upya, likazimika, na mkaa ukabaki na unyevu kama uliomwagiwa maji. "Mkaa mbovu," akasema, akahamishia sufuria kwenye gesi.

Chakula kilipoiva akaonja chumvi kwa ncha ya kijiko, akapakua sahani yake. Wakati kinapoa, akapiga simu Butiama kwa Marieta, mdogo wake marehemu. Hakuweza kujizuia.

"Mama mdogo, shikamoo."

"Marahaba, mkamwana. Tumbo inaendeleaje?"

"Tumbo liko salama. Nimepiga nikwambie neno moja. Dada yako alisema isizae. Basi imezaa. Sufuria nzima. Na mimi nitazaa vilevile."

"Imezaa nini?"

"Njegere zake."

"Umekula?"

"Nimeonja chumvi tu."

"Tema!" Sauti ya mama yule ilipasuka kwenye simu. "Tema, mtoto wewe! Mwaga hiyo kitu! Hiyo ni ya kunusa, si ya kula!"

Dorkas akatema kwenye sinki, akasukutua, akasukutua tena, simu ikiwa begani.

"Dada alikulaga hiyo mwaka wa njaa," Marieta alikuwa anasema, anahema. "Alikuwaga analima bustani ya masista, ana mimba ya kwanza. Akachuma kwa siri, mwezi mzima. Mimba ikatoka na mguu ikalemaa. Tangu hapo alikuwaga anakata maua yote asubuhi, anaacha maganda mawili tu ya mbegu, anafungia kwenye kopo. Anatuambiaga sisi wanawake wote: pandeni, lakini isizae."

Dorkas akakaa chini, kwenye sakafu ya jikoni.

"Mama mdogo. Lile kopo, siku ile anakufa, lilikuwa wapi?"

"Si pale pale dirishani? Nyuma yako, mwanangu."

Alimwaga sufuria chooni. Akarudi bustanini akakata maganda yote, akayachoma moto, akasimama mbele ya fito mpaka moshi ukaisha.

"Ungesema maua, mama," akasema. "Neno moja tu. Maua."

Toka siku ile alikata maua mwenyewe kila asubuhi, kwa ukucha, hata tumbo lilipomzuia kuinama.

Uchungu ulimshika Oktoba, alfajiri, kabla hajakata. Rhobi akamwitia bajaji. Dorkas akafunga mlango, funguo akatia kwenye mkoba, wakaenda hospitali. Boniphace alimkuta huko, akitokea Bunda moja kwa moja. Mtoto alikuwa wa kike, mzima, mwenye sauti.

Siku ya tatu walirudi. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi na udongo ulikuwa laini. Boniphace alifungua mlango, akasimama.

"Nani amekata maua?"

Glasi ilikuwa ndani, juu ya meza, imejaa. Dorkas alizunguka nyuma; kwenye fito hapakuwa na ganda hata moja. Akatazama chini. Alama ya kandambili na ule mstari vilitoka bustanini, vikazunguka kona ya nyumba, vikapanda barazani mpaka mlangoni. Vya kurudi havikuwapo.

Boniphace alikuwa amekauka. Dorkas akamkumbatia mtoto vizuri, akaingia.

"Karibu, mama," akasema, akiangalia kona isiyo na mtu. "Lakini mtoto humshiki kabla hujanawa mikono."

Akaweka beseni la maji na kipande kikavu cha sabuni ya mche kando ya mlango, akaenda kunyonyesha. Alipotoka chumbani, Boniphace alikuwa bado amesimama pale pale, na sabuni ilikuwa imelowa.